Wasiseme hawakujua: namna ya kuwawajibisha wakubwa wa kampuni kwa unyanyasaji kazini

Supavaiza akimshika mfanyakazi kwa nguvu ghalani, macho yote humwendea supavaiza. Sisi tunaowasaidia wafanyakazi huku Changamwe na Shimanzi, Mombasa, tumezoea kuuliza habari za juu yake: nani alimpa cheo, nani aliletewa malalamiko akayakalia. Huyo akifutwa leo, kesho ataletwa wa aina ile ile, kwa kuwa waliomlea bado wako ofisini. Na mkurugenzi akiulizwa, jibu lake ni moja: "Hilo halikunifikia." Hatua zote ninazoeleza hapa ni za kumziba njia hiyo.

Kabla ya yote, kama umebakwa au umeumizwa mwili, acha kusoma. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, ambako kuna kituo cha waliodhulumiwa kijinsia. Fika ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina muda wake. Usioge, usifue nguo ulizovaa. Zitie kwenye mfuko wa karatasi. Simu ya bure ya msaada ni 1195. Barua za kampuni zitangoja.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Nunua daftari la kawaida, likae nyumbani. Usiandike kwenye kompyuta ya kazini wala barua pepe ya kampuni, kwa sababu siku ukisimamishwa utafungiwa vyote. Andika siku hiyo hiyo, kwa maneno yaliyotamkwa, hata kama ni machafu. Mfano:

"Jumanne 4 Machi, saa 3 usiku, mlango wa nyuma wa ghala. Meneja wa zamu: 'Mkataba wako unaisha Ijumaa, unajua la kufanya.' Akanishika kiuno. Alikuwepo mpakiaji mmoja akifunga turubai. Kesho yake saa 2 asubuhi nilimwambia ofisa wa HR (idara ya wafanyakazi). Akasema nivumilie, meneja ndivyo alivyo."

Watu wengi huishia kwenye kiuno. Mimi huwasihi waandike sentensi mbili za mwisho, kwa sababu ndizo zinazotoka kwa meneja na kuigusa kampuni. Kuanzia Jumatano ile saa 2 asubuhi, kampuni inajua.

Ujumbe wa WhatsApp usiufute, na simu yenyewe usiiuze wala kumpa mtoto. Skrinshoti ionyeshe namba na tarehe. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na ulitoka kwenye kifaa gani, na wakili atakuandalia akiwa na simu mkononi.

Hatua ya 2: Tafuta wenzio, kimyakimya

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayemdhulumu mmoja mara nyingi ameshawadhulumu wengine, na walioacha kazi huwa huru zaidi kusema. Kila mmoja aandike yake peke yake, kwa mkono wake. Msikae pamoja mkapatanisha maneno. Taarifa zinazofanana neno kwa neno huvunjwa haraka mahakamani. Na msiyapeleke majina Facebook katika hatua hii. Kesi ya kuharibu jina ndiyo silaha rahisi ya bosi mwenye pesa.

Hatua ya 3: Jua ni nani hasa aliye juu

Bosi unayemuona huenda si mwenye kampuni. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uombe CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kampuni za kuondoa mizigo bandarini na za ulinzi mara nyingi ni za familia, na hapo utakuta mkurugenzi ambaye hajawahi kukanyaga ghala. Huyo ndiye wa kuandikiwa. Sheria ya Kampuni ya 2015 inawataka wakurugenzi wazingatie maslahi ya wafanyakazi na watimize kazi yao kwa uangalifu, na wenye hisa wanaweza kumwondoa mkurugenzi kwa kura.

Hatua ya 4: Barua yenye mhuri

Malalamiko ya mdomo huyeyuka. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi mkuu, nakala kwa wakurugenzi wote waliomo kwenye CR12 na kwa chama cha wafanyakazi kama mnacho. Eleza matukio kwa tarehe, na utaje siku uliyolalamika mara ya kwanza na jibu ulilopewa. Kisha udai mambo haya:

Kwanza, nakala ya sera ya kampuni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono, aliyoitoa baada ya kushauriana nao, yenye kueleza namna ya kulalamika na adhabu zake. Nalipenda sana dai hili. Kama sera haipo, kosa limehama kutoka kwa meneja wa zamu na kukaa kwa uongozi wenyewe, na hakuna shahidi unayehitaji kulithibitisha.

Pili, uchunguzi ufanywe na mtu asiyeripoti kwa mtuhumiwa. HR anayeandikiwa tathmini ya kazi na meneja yule yule hawezi kumchunguza.

Tatu, ikibidi mtu ahamishwe zamu, asiwe mlalamikaji. Nne, jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Peleka mwenyewe ukiwa na nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Karani akikataa, itume kwa barua pepe na kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, utunze risiti.

Hatua ya 5: Kisasi kitakuja, kikute umejipanga

Ghafla utaambiwa ujieleze kwa kuchelewa, au kuna karatasi zimepotea. Jibu kila barua kwa maandishi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki ya kuandamana na mfanyakazi mwenzio au mwakilishi wa chama kazini. Kufutwa kazi kwa sababu ulilalamika si sababu halali. Kifungu cha 46 kimesema hivyo, ila kama malalamiko yenyewe hayana msingi.

Wengine hawakufuti. Wanakutukana mbele ya wateja, wanakubadilishia zamu, mpaka uchoke uondoke. Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 2015 kwamba mtu aliyesukumwa hivyo huhesabika amefutwa. Kwa hiyo usiandike kamwe "naacha kazi kwa sababu za kibinafsi", hata wakikuahidi barua nzuri ya sifa. Andika sababu ya kweli. Na karatasi ya kusema huna dai lingine usiisaini mezani. Omba ukaisome nyumbani.

Kuna na wale wanaotuma mjumbe kwa wazazi wako: mzee wa mtaa, mjomba, bahasha. Mwambie mjumbe kwa heshima kwamba barua iko ofisini na jibu litoke ofisini. Kisha iandike ziara hiyo daftarini.

Hatua ya 6: Toka nje ya geti

Siku 14 zikipita kimya, una milango kadhaa. Ofisi ya kazi hapa Mombasa hupokea malalamiko bure. FIDA, chama cha wanasheria wanawake, na shirika la Kituo cha Sheria husaidia wasio na uwezo wa wakili. Polisi, uliza dawati la jinsia: Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 23, inamhusu mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mtu asiyemtaka, na adhabu yake haipungui miaka 3 jela au faini ya shilingi 100,000, au vyote. Madai ya ajira hupelekwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ndani ya miaka 3. Dhuluma iliyokuwa ikiendelea, ndani ya miezi 12 tangu ikome.

Mlango wa mwisho ni mteja wa kampuni. Mwaka 2023 BBC ilipofichua zaidi ya wanawake 70 waliosema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi kwenye mashamba ya chai Kericho, Starbucks ilisitisha kununua chai ya James Finlay ya Kenya. Kwa hiyo kama unashona nguo za kuuzwa nje, soma lebo. Wanunuzi wakubwa wana kanuni za maadili kwa viwanda na anwani ya malalamiko kwenye tovuti zao. Watumie nakala ya ile barua yenye mhuri, tarehe ya kupokelewa ikisomeka wazi, na uwaulize kiwanda kimewajibu nini.