Namna ya kumpata mshairi wa kartiye asiyetupa libanga

Kabla ya kumtafuta mshairi, tafuteni kazi yake. Nimeona kartiye, yaani mitaa, zikianza na cheo: nani atavishwa skafu, meya ataalikwa ao hapana, viti vya mbele ni vya nani. Sherehe ikiisha, mshairi anarudi nyumbani na skafu yake, na hakuna anayebisha hodi kwake tena. Mimi nina sekretaria ndogo katika komini iitwayo Kenya, sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo. Napiga mashine, natoa fotokopi, barua za kuomba kazi ndizo zinanilisha. Hapo ndipo kamati yetu ilikaa na daftari, tukaandika siku ambazo watu wa avenue wanahitaji maneno na hawana wa kuyasema: kilio cha msiba, proklamasyo ya shule (siku ya kutangaza matokeo), salongo (kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa), mvua ya kwanza ikikuta mifereji imeziba. Mkikosa kazi za namna hiyo, acheni. Hamuhitaji mshairi, mnahitaji orkestra.

Linalofuata ni pesa, na hapa msiharakishe. Kila mtu wa mji huu anajua libanga: mwanamuziki anataja jina la tajiri katikati ya wimbo, tajiri anafungua mfuko. Mwimba kasala, mashairi ya sifa ya Waluba, naye hutuzwa na watu anaowasifu, na sioni ubaya, maana kasala ni ya ukoo na ukoo unamjua mtu wake. Mshairi wa kartiye ni wa wote, basi alipwe na wote, kidogokidogo, hadi asiwepo wa kusema "huyu ni wangu". Fanyeni mchango kama wa likelemba, ule wa kuchangiana kwa zamu: kila parsele, yaani kila kiwanja, inatoa franka kidogo kila mwezi, na daftari la hesabu linakaa mahali pa wazi, apitaye alisome. Mweka hazina awe mama anayeuza sokoni. Hao hawasahau deni. Pesa ni ya usafiri, kalamu, na sahani ya bukari (ugali) siku ya kazi. Halafu atakuja mkubwa na gunia la unga, hasa uchaguzi ukikaribia. Lipokeeni, unga upikwe siku hiyohiyo mbele ya watu, na mwambieni kwa heshima: "Aksanti sana papa, lakini jina lako halitaingia kwenye shairi." Akiondoka na gunia lake, mwacheni aende salama.

Miji yenye hazina hulipa yenyewe. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, alifika Graz, Austria, mwaka 2009 akiwa mwandishi wa mji ule. Lakini pesa ya mji nayo ina mwenyewe. Antwerp, kule Ubelgiji, ina washairi wa mji tangu 2003. Mwaka 2022 mmoja wao, Ruth Lasters, aliandika pamoja na wanafunzi shairi la kupinga shule kuwapanga watoto kwa herufi A na B. Mji ukakataa kulipokea kama shairi lake, naye akajiuzulu. Kwa hiyo andikeni mapema, kabla hamjapenda wala kuchukia shairi lolote, ni nani mwenye haki ya kulikataa. Kwetu hakuna: si shefu wa kartiye, si kamati. Tuliweka mpaka mmoja tu, kwamba mshairi hataji jina la jirani katika ugomvi wa parsele, wa ndoa wala wa uchawi. Hilo la mwisho msilicheke. Jina likitajwa asubuhi, jioni nyumba imezingirwa.

Kuchagua kwenyewe kunatosha mchana mmoja wa Jumamosi, jua likiwa juu, ili msimtegemee mtu wa umeme. Msiombe diploma. Wapeni wote kitu kimoja cha kutungia shairi palepale. Sisi tulitoa bomba la maji la avenue. Waende wakae kwenye foleni ya mabidoni, wasikilize, warudi wasome wamesimama, bila mikrofoni. Kila mmoja akimaliza, mwiteni mtoto mmoja na mama mzee mmoja, waulizeni wamekumbuka nini. Wakirudia mstari, huyo mtu mnaye. Wakisema "amesoma vizuri", mwiteni anayefuata. Kijana akija na Kiswahili bora cha redioni ambacho hakuna hata mmoja pale bombani angekijibu, msikilizeni, mpigieni makofi, mfungueni aende. Mstari wa Kibemba au wa Kiluba katikati, hewala.

Kazi kubwa ni kilio. Amsterdam, tangu 2002, washairi hupokezana kwenda kwenye mazishi ya watu wasio na wa kuwasindikiza, na kumsomea kila marehemu shairi lake. Kwetu wa namna hiyo si wengi, lakini wapo: mchimba shaba aliyetoka mbali, mtoto wa barabarani, mzee ambaye watoto wako Zambia na simu hazipokelewi. Mshairi afike mapema, akae na wanaume kando ya moto, kisha kwa ba mama kwenye mikeka, aulize mambo madogo: alisalimiaje, alikunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa nani, ni nani alikuwa na deni lake. Asiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Atajibiwa "mtu muzuri", na shairi limekufia hapo. Mistari ishirini inatosha. Asome baada ya pastori, si kabla. Ukimtangulia pastori atarefusha mahubiri ili akujibu. Asitaje ugonjwa. Kama yupo mzee wa kasala, aanze yeye, na mshairi amtazame anavyopumua, anavyowaachia waliaji mahali pa kuingia. Karatasi ibaki kwa familia, na asiguse kikapu cha rambirambi.

Proklamasyo ni nyepesi: shairi fupi, na liwataje pia walioanguka darasa, kwa wema. Salongo inataka mistari ya kuitikiana tu, majembe yafuate.

Muda uwe mwaka mmoja. Kwa desturi mshairi wa taifa wa Uingereza alikalia cheo hadi kufa. Tangu 1999 ni miaka 10. Avenue haiwezi kumvumilia mtu hivyo, na yeye hawezi kuivumilia avenue.

Kila shairi lipigwe mashine nakala tatu: moja shuleni, moja parokiani, moja kwa katibu. Msitegemee simu, huibwa. Juu muandike tarehe, mahali na sababu, chini jina la mshairi. Siku ya kukabidhi, anayetoka ampe anayeingia daftari la kazi pamoja na orodha ya mashairi aliyoahidi na hajaandika, na mama mweka hazina asome hesabu yote kabla soda hazijafunguliwa.