Somo: Kupachika lugha yako ndogo ndani ya Python kwa ajili ya Arduino

Ndugu wanakikundi, huku Njombe jalidi ya Juni na Julai huunguza miche ya parachichi kitaluni, kwa hiyo mfano wetu ni taa ya joto inayojiwasha usiku wa baridi kali. Lugha yetu ndogo ni alama chache za Python tutakazozipa maana yetu wenyewe, ili tuandikie kanuni za taa hiyo.

Arduino Uno R3, ubao mdogo wenye chipu ya kuendeshea vifaa, ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya baiti 2,048 tu. Python tunaiacha kwenye laptop, ihesabu kila kinachohesabika mapema, kisha iandike faili la lugha ya C litakalopelekwa kwenye chipu. Copilot, lugha iliyopachikwa ndani ya Haskell na kutumiwa na NASA, nayo huzalisha C.

Hatua ya 1. Unda klasi (aina mpya ya kitu) iitwayo Mkondo, ya kuwakilisha vipimo kama joto na usiku, na uzipe alama < na & maana mpya, ili zisitoe jibu bali zitunze hesabu iliyoombwa. Ukiandika joto < 4, unapata mti mdogo wenye matawi mawili, joto na 4.

Hatua ya 2. Andika kanuni: taa = (joto < 4) & usiku. Mabano hayo ni ya lazima, kwa sababu Python hushughulikia & kabla ya <. Neno "and" usiliguse kabisa, kwani halikubali kupewa maana mpya. Mimi niliwahi kuandika usiku and (joto < 4). Python ikauhesabu mkondo wa usiku kuwa kweli, ikaupuuza, ikabakiza sharti la joto peke yake bila kulalamika, nami nikaikuta taa inawaka saa moja asubuhi, kumekucha kabisa. Tangu siku hiyo __bool__ ya Mkondo wangu, ambayo Python huiita ikitaka kujua kama kitu ni kweli au si kweli, hutoa kosa papo hapo, na "if" iliyopotea njia hunaswa pia.

Hatua ya 3. Pitia mti tawi kwa tawi ukiandika C. Sensa ya LM35 (kipimajoto) hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, na Uno inayopimia volti 5 husoma kwa vipande vya karibu milivolti 4.9, hivyo laptop hugeuza nyuzi 4 (milivolti 40) kuwa vipande 8 na kuandika analogRead(A0) < 8, na chipu haisumbuliwi na desimali.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Kwa nini nisiandike C moja kwa moja?

Marahaba. Kwa kitalu kimoja, andika C tu. Hata mimi ningefanya hivyo. Faida huonekana ukiwa na vitalu vinane, kila kimoja na kiwango chake.

Vipimo vyangu vinaruka nusu nyuzi, na rilei (swichi inayowasha taa) inagonga mfululizo. Nifanyeje?

Badala ya kupimia volti 5, tumia rejeo la ndani la Uno la volti 1.1, ambapo kipande kimoja huwa takriban nyuzi 0.1. Nyuzi 4 zitageuka kutoka 8 kuwa 37, lakini utabadilisha mstari mmoja tu wa Mkondo na kanuni zako zitabaki zilivyo. Kuhusu rilei, taa iwake chini ya nyuzi 4 na izimike juu ya 6. Kukumbuka hali yake kunagharimu baiti moja. Angalizo: LM35 iliyounganishwa kwa njia ya kawaida haipimi chini ya nyuzi 2, kwa hiyo usishushe kiwango cha kuwasha hadi 1.