Namna ya kutamka majina ya watu bila kuyavuruga, kutoka kwa MC

Kazi yangu ni kushika maiki. Harusi, sendofu, mikutano ya ofisi, lakini sanasana mahafali, na kwenye mahafali ndio MC anapopimwa, kwa sababu unasoma mamia ya majina mfululizo na kwa kila jina kuna mzazi amepanda basi tangu jana kutoka Mbulu au Masasi kuja kusikia sekunde mbili tu, jina la mwanae likitajwa ukumbini. Ukilivuruga zile sekunde mbili ndio zimeshaenda.

Sasa watu wengi ukiwaambia habari ya kukosea majina wanawaza wazungu. Ni kweli wana yao, mb na nd mwanzoni mwa jina zinawashinda, Mbappé anageuka "Em-bape", Ndayishimiye anageuka "Endayi" nanihii, na sisi huku tunacheka. Ila kaa kwenye mahafali yoyote Dar usikilize Mtanzania anavyosoma jina la Mtanzania mwenzie wa Karatu, au mtu wa Nairobi akipewa jina la Msomali wa Garissa, utaona hatuna cha kumcheka mzungu. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kwetu sisi, MC, mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, nesi anayeita wagonjwa dirishani, HR, yeyote anayeita watu kwa karatasi.

HATUA YA 1: Pata listi mapema na usiiamini

Listi nyingi zinatoka kwenye mfumo wa kompyuta, herufi kubwa tupu, na zimeshapoteza vitu njiani. Cha kwanza kupotea ni ritifaa, ile koma ya juu, maana fomu nyingi za mtandaoni zinaikataa kabisa, zinakwambia jina lako lina kosa. NG'WANDU anaingia kama NGWANDU, OCHIENG' anatoka OCHIENG, NG'ANG'A anakuwa NGANGA, na wewe kwenye steji unaisoma ng ya ngoma wakati ni ng' ya ng'ombe. Kwa hiyo ukiona NG popote kwenye listi ya herufi kubwa weka alama ya kuuliza, hata kama una uhakika.

Angalia pia mpangilio. Ofisi nyingi zinaanza na jina la mwisho. Na "la mwisho" sio lazima liwe la ukoo, Zanzibar na pwani mtu ana jina lake, la baba na la babu, ukimwita "Bwana Khamis" inawezekana umemwita babu yake. Waethiopia hivyohivyo, Gebrselassie ni jina la baba yake Haile, yule mkimbiaji. Wanyarwanda na Warundi ndio usiseme, ndugu wa tumbo moja kila mmoja anaweza kuwa na lake, usije ukakaa kwenye maiki ukauliza mbona hawa mapacha majina hayafanani.

HATUA YA 2: Kalamu nyekundu

Pita listi nzima, zungushia kila jina ambalo ulimi wako umesita hata kidogo. Hii ndio hatua ndefu kuliko zote na ndio wengi wanairuka. Utagundua kitu kimoja: jina "gumu" mara nyingi lina sauti moja tu usiyoizoea, mengine yote unayaweza. Tafuta hiyo moja.

Majina ya Kiiraqw, lugha ya watu wa Mbulu na Karatu, ndio tunayaua zaidi, maana Kiiraqw sio Kibantu, ni jamii ya Kikushi, sauti zake ziko mbali na zetu. Dk. Wilbrod Slaa aligombea urais 2010 na nchi nzima ilikuwa inasema "Silaa". Ile sl sio s halafu l. Weka ulimi kama unataka kusema l, ubane hapohapo, usitoe sauti, puliza hewa itoke pembeni mwa ulimi. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, hakuna anayekuona. Sauti hiyohiyo Wazulu na Waxhosa wanaiandika hl, ipo mara mbili kwenye Rolihlahla, jina alilopewa Mandela na wazazi wake kabla mwalimu hajampachika Nelson siku ya kwanza ya shule. Tl kama kwenye Tluway inaanza kwa kuziba hewa halafu unaifyatua pembeni hukohuko. Q ya Qorro ni k inayotokea nyuma zaidi, karibu na kilimi. Na hh ni ile ha nzito ya Kiarabu, kama umesoma madrasa hiyo unayo tayari, umebaki kuijua tu inavyoandikwa.

Ukienda Kenya kuna majina ya Kikuyu. Kwenye kitambulisho yanaandikwa kwa i na u za kawaida ila kwa wenyewe kuna ĩ na ũ zenye kofia, ĩ inaegemea e, ũ inaegemea o, na th yao ni dh. Dedan Kĩmathi kwa hiyo anakaribia "Kemadhi", Wangarĩ Maathai aliyepata Nobeli 2004 ni "Wangare Maadhai". Sasa hapo kuna Mkikuyu wa Nairobi atakwambia aah niite tu Kimathi kama ilivyoandikwa, na huyo naye mwitikie hivyohivyo, nitalirudia hili chini.

Majina ya Kijaluo na ya Kimaasai shida yetu ni kuongeza irabu mwishoni. Okoth anakuwa "Okothi", Mollel anakuwa "Moleli". Jina likiishia na konsonanti liache liishie hapo, halitaanguka.

Wapare wana Mmbaga, ile m ya kwanza inasimama peke yake, M-mba-ga, kama m ya mtu. Uganda Ky inasomwa ch, Kyagulanyi ni "Chagulanyi", lakini usiipeleke hiyo ch kwa Mwakyembe wa Kyela, herufi ni zilezile ila ukienda kwingine zinasomwa vingine. Congo, tsh ni ch, Tshisekedi, Tshombe, ni tahajia tu ya Kifaransa ile, hamna ugumu wowote. Kisomali ndio kinapiga watu chenga, tangu 1972 walipoanza kuandika rasmi kwa herufi za Kilatini waliamua c iwe ile 'ain ya Kiarabu inayotoka kooni na x iwe ha nzito, kwa hiyo ukiona Xasan ni Hassan unayemjua wewe, Cali ni Ali, Caasha ni Asha. Nimeshamsikia MC anasoma "Ksasani". Wachina x yao ni sh nyembamba, q ni kama ch, na jina la ukoo linatangulia, Xi ndio ukoo, Jinping ndio lake.

Na watu wa bara, tafadhali, kh, gh, dh na th za pwani zitafutieni muda. Khalfan sio Kalfani, Ghalib sio Galibu.

HATUA YA 3: Muulize mwenyewe, na uulize vizuri

Baada ya kuzungushia, nenda kwa mwenye jina. Usimuulize rafiki yake, wala jamaa wa kabila lake uliyemkuta kwenye korido. Sentensi yangu ni hii: "Samahani, jina lako nataka nilitamke unavyolitamka wewe, nisaidie." Basi. Kwa mtu mzima naanza na shikamoo, namwambia mama au mzee wangu, na nauliza anataka aitwe vipi hadharani, maana kuna mama ukimtaja kwa jina lake tupu mbele za watu unaonekana huna adabu, yeye anajulikana Mama Neema mtaa mzima, na kuna mwingine ni profesa na amelisotea, huyo umama wa fulani uache nyumbani.

Usiulize "jina gani hili?" Usiulize "we kabila gani?" Tanzania mtu anaweza akacheka akakujibu, Kenya swali hilo kuliuliza mbele za watu ni kitu kingine kabisa, hasa baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Kabila huhitaji, unahitaji sauti. Ukiwa na namba yake mwambie akutumie voisi ya WhatsApp akisema jina lote mara mbili, taratibu na kawaida. Hiyo voisi ni dhahabu, utaisikiliza usiku wa kuamkia shughuli.

Na akishakwambia, hilo ndilo jina. Hata kama wewe ndio mtaalamu wa lugha ya kwao. Giannis Antetokounmpo wa NBA wazazi wake ni Wanigeria, ukoo ni Adetokunbo, jina la Kiyoruba, likaandikwa kwa Kigiriki likarudishwa tena kwa herufi za Kilatini likatoka hivyo unavyoliona, na ndilo analolivaa mgongoni. Myoruba anajua asili yake, ila hana ruhusa ya kumsahihisha mwenye jina.

HATUA YA 4: Andika kwa mwandiko wako wa kijinga

Pembeni ya jina andika unavyolisikia wewe, kwa silabi, na silabi ya kukazia iandike kubwa. Kiswahili kinatuzoesha kukazia silabi ya pili toka mwisho kwa hiyo tunakazia hivyo kila jina duniani, hata lisilotaka. Usione aibu na unachoandika, karatasi ni yako. Ila usimpe mtu mwingine karatasi hiyo dakika za mwisho, mwandiko wako wa silabi unaujua wewe.

HATUA YA 5: Kwa sauti, umesimama

Kusoma kimoyomoyo hakusaidii, mdomo ndio unaojifunza. Yale mekundu tu, kila moja mara kadhaa, halafu yote kwa mfululizo kwa spidi ya ukumbini.

HATUA YA 6: Siku yenyewe

Nenda kwenye foleni kabla haijaanza kutembea. Pita na listi, "ni Ng'wandu eeh?", anaitikia kwa kichwa, unasonga. Dakika chache hizo zinaokoa mengi. Ukiwa stejini usipunguze mwendo ukifika kwenye jina jekundu, hilo ndilo kosa la waliojiandaa, wanasoma majina mengine mbio halafu wakifika kwa Tluway wanavuta pumzi, wanatabasamu, ukumbi mzima unajua linakuja jina la ajabu. Soma spidi ileile.

Utani: Mchaga na Mpare watani wataniane mpaka asubuhi kwenye harusi, hiyo raha yetu na nisingependa ife. Lakini jina la mtu anayepokea cheti sio mahali pake, na wewe MC sio mtani wa ukumbi mzima. "Hili jina jamani limenishinda, ngoja nimwite tu Joni" inaleta kicheko cha sekunde tatu, na Joni wako anashuka ngazi akiwa amenuna kwenye picha zote.

HATUA YA 7: Likikuponyoka

Rudia sahihi papo hapo, "samahani, ni Qorro", endelea na anayefuata. Usitoe hotuba ya kuomba msamaha, sasa yeye ndio inabidi akubembeleze wewe. John Travolta kwenye Oscar 2014 alimkaribisha mwimbaji Idina Menzel akamwita "Adele Dazeem" akapita hivyohivyo, na mpaka leo watu wanakumbuka hilo kuliko wimbo ulioimbwa.

HATUA YA 8: Kama jina gumu ni lako

Rekebisha mara ya kwanza kabisa, ukinyamaza wiki mbili kazini jina limeshabadilika na ukija kusema unaonekana mkorofi. Usiseme "oh niite vyovyote tu", watu watakuita vyovyote kweli. Wape njia ya kushikia, "ni ng' ya ng'ombe", inatosha, historia ya ukoo iache. LinkedIn ina sehemu ya kurekodi jina lako kwa sauti, ni sekunde 10, itumie. Na kama una mahafali au harusi mwezi huu, mtafute MC kabla, mtumie voisi hata kama hajaomba. Akikujibu "usijali nitajua mbele kwa mbele", mpigie mwenyekiti wa kamati mwambie kwenye listi inayoprintiwa jina lako liandikwe kwa silabi, na hakikisha unaiona nakala kabla ya siku.