Mashine ya nyasi ya petroli hufia stoo

Mashine nyingi za petroli za kukatia nyasi kwa uzi wa nailoni haziharibiki kwa kazi. Hufia stoo, petroli ikiwa bado kwenye tangi. Ikikaa zaidi ya mwezi hivi, petroli huanza kuchacha na kuacha utando wa kunata unaoziba vitundu vya kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa), navyo ni vyembamba kama tundu la sindano. Siku ukiihitaji utavuta kamba mpaka bega liume, nayo kimya. Kwa hiyo kama huna kazi nayo karibuni, mimina mafuta yote kwenye dumu, kisha iwashe uiache ingurume mpaka izime yenyewe.

Halafu oili. Kama mashine yako ni ya injini ya mipigo miwili (two-stroke), injini hiyo haina oili yake pembeni. Hulainishwa na ile unayochanganya kwenye petroli. Nyingi za sasa hutaka 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli, ila angalia kwanza kitabu cha mashine yako. Usikadirie kwa jicho. Mimi nilikadiria, pistoni ikachubuka na kung'ang'ania ndani ya silinda.

Chujio la hewa la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Na uzi wa nailoni ukikatika ovyo, uloweke kwenye maji usiku kucha. Ukikauka sana huvunjika kama bua. Ukinywa maji hupinda tu. Kata kwa ncha yake, usiukandamize ukutani.