Kabla hujatuma potifolio yako: maneno kwa mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Goma

Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa mwisho alinitumia potifolio yake, kitabu cha michoro na kazi zake, saa mbili usiku. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "nitazamie kabla sijaituma." Kurasa 74. Mega zangu za intaneti ziliisha fayili ikiwa bado nusu. Kesho yake nikaifungua kwenye mashini, yaani kompyuta: ukurasa wa kwanza ni hoteli ya ghorofa kumi na mbili kando ya ziwa, vioo vitupu, jua la machweo, na watu wa kubandika, zile picha za watu zinazowekwa ndani ya mchoro, waliovaa makoti ya baridi ya Ulaya wakitembeza mbwa. Nikateremka, nikateremka. Ukurasa wa 61 ndipo nilipokuta kitu. Michoro ya kalamu ya risasi ya kiwanja kimoja cha Birere, mtaa wa hapa Goma wenye watu wengi, nyumba nne za mbao zilizobanana, na kila mahali mawe ya volkeno yalipoinuka kutoka ardhini pameandikwa kipimo chake.

Nikampigia. "Hii ulipima mwenyewe?" Ndiyo, kwa mita ya fundi, siku mbili, watoto wa pale wakimshikia ncha ya pili. Basi, nikamwambia, tuanze upya, na hii ndiyo itatangulia.

Yafuatayo ni yale tuliyozungumza siku zile, nimeyaongeza kidogo.

Jambo la kwanza ni kumjua anayepokea. Mkubwa wa biro, yaani ofisi ya usanifu, ya hapa mjini, anayechora nyumba za kukaa, maduka, na mara moja moja shule ya shirika fulani, anataka kujua kama Jumatatu asubuhi anaweza kukupa kazi. Mwonyeshe plani yenye vipimo, mkato (jengo likichorwa kama limepasuliwa toka juu hadi chini), namna paa linavyokaa juu ya ukuta, na devi (makadirio ya gharama) uliyoipiga mwenyewe hata kama ni ya choo cha shule. Shule ya masta ya ng'ambo inatafuta kingine: ulianza na swali gani, ulikwama wapi, ukageukia wapi. Hao wawili hawali sahani moja, kwa hiyo tengeneza vitabu viwili. Na tangazo likisema kurasa 20, ni 20.

Kabla ya kupanga ukurasa wowote, kusanya. Kazi za miaka mitano ya chuo zimetawanyika kuliko unavyodhani: nyingine iko kwenye flashi uliyomwazima mtu, nyingine kwenye mashini iliyokufa, nyingine ni karatasi zilizokunjwa chini ya kitanda. Programu za kuchorea zenye leseni ya mwanafunzi zina siku yake ya kufa; siku hiyo ikifika, fayili unayo lakini huwezi kuifungua. Toa kila mchoro kwa PDF leo, hata ule unaouonea haya.

Halafu maketi, ule mfano mdogo wa jengo unaoutengeneza kwa katoni. Watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu vitu vinavyobaki nyuma. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ilifunguka, lava ikateremka mpaka Buhene, pembeni ya mji. Siku tano baadaye tukaamriwa kuhama mitaa kumi ya mji. Watu walibeba godoro, sufuria na watoto. Maketi ya rafiki yangu, kazi ya miezi minne, ilibaki juu ya kabati. Aliporudi aliikuta palepale, ila mvua ilikuwa imepita kwenye tundu la bati na katoni imekuwa uji. Picha aliyokuwa nayo ni moja tu, na humo yeye mwenyewe amesimama mbele, ameficha nusu ya jengo.

Kwa hiyo piga picha maketi wiki ileile uliyoimaliza. Huhitaji kamera. Iweke karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, tandika kitambaa cheusi kisicho na maua nyuma yake, kisha shusha simu mpaka usawa wa jicho la mtu anayetembea kwenye barabara ile ndogo ya katoni. Wengi wanapiga kutoka juu, kama ndege. Picha ya juu ni nzuri, lakini hakuna mpangaji atakayeingia nyumbani kwake akitokea mbinguni. Ukimaliza, nakala moja ibaki kwako na nyingine ikalale kwenye nyumba ya mtu mwingine, mtaa mwingine.

Sasa kuchagua, na hapa ndipo ninapogombana na wengi. Kazi tano au sita zinatosha. Usichague kwa alama ulizopewa na jopo. Jopo huwa limechoka saa nane mchana. Chagua kazi ambayo ukiulizwa swali la tatu na la nne bado una jibu. Hoteli ya vioo haina jibu la tatu. Kiwanja cha Birere kinayo kumi. Ardhi ya huku ni mwamba uliomwagika: mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wakarudi kujenga juu yake. Msingi hapo hauchimbwi kama kwenye udongo. Kuna mahali jiwe ni gumu kiasi cha kuvunja nyundo, na hatua mbili mbele ukoko wa lava una uwazi chini yake. Shimo la choo ni vita ya wiki nzima. Maji machafu nayo yanapenya kwenye nyufa, hujui yanatokea kwa nani. Mwanafunzi aliyeyaona hayo na kuyachora kwenye mkato wake, mimi namwita msanifu hata kama mistari yake haijanyooka. Anayechora jengo la Goma juu ya mstari mmoja mweusi ulionyooka, chini yake pakiwa patupu, simwamini.

Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipochora shule ya msingi ya kijiji chake, Gando. Ilikamilika mwaka 2001, ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo. Tazama mkato wa shule ile: kuta za matofali ya udongo ulioshindiliwa, dari ya matofali inayopitisha hewa, na bati limeinuliwa juu yake ili joto liondoke. Mchoro mmoja unaeleza jengo zima. Nimeona wanafunzi wa huku wakiiga lile bati lililoinuliwa. Sisi tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Shida yetu ni mvua ya upepo na baridi ya alfajiri. Bati muachie Gando, uige namna ya kuchora mkato.

Kazi za staji, yaani mafunzo ya kazini, zina shida yake, na hii naieleza kwa aibu. Nilifanya staji katika biro moja nisiyoitaja. Kulikuwa na villa ya Himbi, mtaa wa hapa Goma. Mimi nilichora ngazi na uzio, basi. Nilipotafuta kazi nikaiweka yote, picha zote za kung'aa, jina langu chini. Mzee aliyenihoji alifungua ukurasa ule, akaweka kidole kwenye nguzo ya kona.

"Kijana, hapa uliweka vyuma vingapi?"

Sikujua. Kumbe mhandisi aliyepiga hesabu za nguzo zile ni shemeji yake. Kazi sikupata, na nilistahili.

Siku hizi chini ya kila kazi ya watu wengi naandika mstari mmoja: kazi ya biro, mwaka, mimi nilifanya ngazi na uzio. Kazi ya kundi la chuo ni vilevile. Ngazi iliyochorwa vizuri, yenye vipimo vya kila daraja na namna mkono wa kushikia ulivyofungwa ukutani, inakutetea kuliko villa ya kuazima. Omba ruhusa kwa mkubwa wa biro kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Na futa jina la mwenye nyumba, namba ya kiwanja na avenyu. Plani ya nyumba ya mtu inaonyesha mlango wa nyuma uko wapi na chumba gani hakina dirisha. Katika mji huu sihitaji kuendelea.

Kuhusu vipimo, wengi wanateleza bila kujua. Mbao za kutetea memwari, yaani karatasi kubwa za michoro unazozionyesha siku ya kutetea kazi yako ya mwisho wa chuo, huwa ni A0, milimita 841 kwa 1,189. Mwanafunzi anazichukua zilivyo, anazibana ziingie A3, anaendelea na maisha. Lakini kila urefu umebaki kama asilimia 35 ya ulivyokuwa. Herufi za pointi 24 zimekuwa 8 na nusu, na mtu akizichapa kwa A4 zinakuwa 6, za kusomwa na sisimizi. Kibaya zaidi, plani iliyoandikwa "1/100" sasa ni karibu 1/283, lakini maandishi yanaendelea kusema 1/100. Mlango wa sentimita 90 unapaswa kuwa milimita 9 kwenye karatasi. Chukua rula, utakuta 3. Mkubwa wa biro ana rula mfukoni, amini. Panga ukurasa upya badala ya kuubana, na pembeni weka kistari cha mita, kile chenye weusi na weupe, maana chenyewe kinapungua pamoja na mchoro na hakisemi uongo. Mshale wa kaskazini pia. Huku wengi wanausahau, na jua la asubuhi ndilo linalokausha nyumba.

Maneno yawe machache na ya mtu aliyefanya kazi: nilipima, niliuliza, nilibadilisha. Na wale watu wa kubandika, weka mama mwenye kitenge na ndoo, weka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imepakia mkaa. Yule bwana wa mbwa arudi kwao.

Kuchapa: ukurasa mmoja kwanza, wenye rangi nyingi, ndipo nyingine. Buluu ya kwenye kioo cha mashini hutoka karatasini kama zambarau iliyougua, na kijivu chepesi hupotea kabisa. Nenda asubuhi. Kabla ya kutuma, fungua fayili kwenye simu ya bei nafuu ya mtu mwingine, uone kama herufi zimekaa. Na jina la fayili liwe jina lako na mwaka. Nimewahi kupokea "final vrai final 3", mpaka leo sijui ni ya nani.

Ya mdogo wangu sasa ina kurasa 22 na Birere iko mbele. Juzi alinipigia akiwa dukani kwa wachapaji: umeme umekatika wakiwa ukurasa wa 17. Nikamuuliza kama PDF anayo. Anayo kwenye simu, akasema, na nyingine iko kwa shangazi yake Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda.