Somo: Kuchagua kisu cha porini kisichokunjika, cha kambini na cha kuchunia

Wakuu, kiangazi kikikaribia swali huwa lile lile: ninunue kisu gani cha porini? Na picha inayoambatana na swali ni ile ile pia: kisu kirefu, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini ulio mtupu ndani, wenye dira kwenye kifuniko. Somo hili ni la kumtoa mtu kwenye picha hiyo. Nazungumzia kisu kisichokunjika, cha mtu anayelala porini na, akiwa na leseni, anayewinda na kuchuna mwenyewe.

Hatua ya 1: Anza na panga

Masomo mengi ya visu mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako mtu huingia msituni na kisu kimoja, pengine na kishoka. Ndiyo maana utawaona wanapasua magogo kwa kukigonga kisu mgongoni kwa rungu, na wanataka bapa nene la milimita 4 au 5 ili livumilie kipigo. Sisi tuna panga. Kukata fito, kufyeka njia, kupasua kuni, kutenganisha mifupa mikubwa: hizo zote ni kazi za panga, na panga la kawaida la duka la pembejeo linazifanya vizuri kuliko kisu chochote cha bei mbaya. Kisu kikishaondolewa mzigo huo kinaweza kuwa chembamba na kifupi, na hapo ndipo kinapoanza kukata.

Kinachobaki ni kutoa matumbo, kuchuna, kukata nyama, kuchonga vigingi vya hema na mwiko, kukata kamba, na kuparua kijiti kikavu mpaka kiote manyoya ya kushikia moto.

Hatua ya 2: Urefu na unene

Bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha, yaani upana wa kiganja pamoja na kidole gumba au zaidi kidogo. Unene mgongoni uwe milimita 2.5 hadi 3. Ukiwa na kisu kirefu, mkono ukishaingia ndani ya tumbo la mnyama hujui ncha imefika wapi. Ikigusa utumbo au kibofu, sehemu ya nyama umeipoteza.

Hatua ya 3: Ncha na makali

Kwa kuchuna, tafuta kisu ambacho mgongo wake unashuka taratibu kuelekea ncha, na makali yanapinda kupanda kuikuta. Ncha ya namna hiyo haichomi ngozi ovyo, na lile pindo la makali ndilo linaloachanisha ngozi na nyama. Ncha kali iliyochongoka kama ya jambia inapendeza ukutani.

Meno ya msumeno mgongoni yaache. Hayakati mti wa maana, yanashika nyama, na huwezi kuweka kidole gumba juu yake ukisukuma. Ile ndoano ya kupasulia tumbo nayo iache, maana siku ikiwa butu utainoa na nini porini? Mgongo ulio wazi na wenye kona kali utakufaa zaidi, kwa sababu ndio unaokwangua fimbo ya cheche, kile kijiti cha chuma kinachorusha cheche kikikwanguliwa, wakati wa kuwasha moto.

Mteremko wa makali una mitindo miwili mikuu. Visu vya Sweden na Finland vina mteremko mmoja mpana kila upande mpaka kwenye makali: vinachonga mti vizuri mno, na kuvinoa ni rahisi kwa sababu unalaza mteremko wote juu ya kinoo. Vingine vinaanza kupungua unene tangu mgongoni, kisha vinamalizia na makali madogo. Hivi vinapita kwenye nyama kwa ulaini zaidi. Kama kazi yako kubwa ni kambi, chukua mtindo wa kwanza. Kama ni kuchuna, wa pili.

Hatua ya 4: Chuma

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Visu vya kiwandani vinakuja kwa aina mbili. Chuma cha kaboni kinashika makali haraka na kinanoleka hata kwa jiwe baya, lakini kinashika kutu. Stenlesi haishiki kutu kirahisi, ila ile ya bei ya chini kabisa ni laini na inakuwa butu kabla hujamaliza paja la kwanza. Kwenye maelezo ya kisu tafuta namba ya Rockwell, yaani kipimo cha ugumu wa chuma, iwe kati ya 56 na 60. Chini ya hapo makali hulala, juu sana huanza kumeguka na kinoo cha kawaida hakikiwezi. Mfano ninaoupenda ni visu vya Mora, kutoka mji wa jina hilo nchini Sweden, ambako vimekuwa vikitengenezwa kiwandani tangu 1891. Kile cha kawaida cha mpini wa plastiki kina bapa la sentimita 10 hivi, ni chepesi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya vile vinavyotangazwa kama vya makomandoo.

Njia ya pili ni mhunzi, na binafsi naiheshimu. Muulize kwanza chuma kimetoka wapi. Nondo ya ujenzi ni laini, hata akiifua wiki nzima haitashika makali. Springi za gari ndizo zenyewe: zina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, zinagumuka vizuri na hazivunjiki ovyo. Tupa kuukuu lina kaboni nyingi zaidi na hutoa makali makali kwelikweli, lakini likikosewa moto litakatika kama kioo.

Usimwachie kwenye kufua tu. Kisu lazima kizimwe kwenye mafuta kikiwa chekundu, kisha kirudishwe kwenye joto dogo, kama nyuzi 200, ili ugumu ulegee kidogo. Chuma kilichosafishwa kwa msasa kikirudishwa motoni hubadilika rangi: ikifika ya majani makavu, inatosha. Ikiwa bluu, amepitiliza, hicho sasa kimerudi kuwa springi. Ukikipokea, pitisha tupa zuri kwenye makali. Likiteleza, kisu kimegumuka. Likiuma na kutoa vumbi la chuma, mrudishie. Halafu kikague mwangani, maana springi ya gari lililochoka inaweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana mpaka ukiugeuza juani.

Hatua ya 5: Msuka na mpini

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Msuka uliofika mwisho wa mpini kwa upana wake wote, ukashikwa na ribiti, ndio imara kuliko wote. Msuka mwembamba uliopita ndani si mbaya, Waskandinavia wameutumia karne nyingi; ubaya ni msuka mfupi uliogandishwa na gundi. Ile mipini mitupu ya kuwekea viberiti ndiyo mibaya kupita yote, kwa sababu bapa huishia pale inapoanzia, na hapo ndipo kinapovunjika.

Mpini ujaze kiganja, sentimita 11 au 12, usiwe na kona. Mninga ni mti mzuri kwa kazi hii kwa sababu haujikunji wala kuvimba sana hali ya hewa ikibadilika. Mpingo ni mgumu na unadumu, ila ukisuguliwa mpaka ung'ae huteleza ukiwa na damu na mafuta, na usipokauka vizuri kabla ya kuchongwa hupasuka. Plastiki yenye mpira haina fahari lakini inashikika. Rangi nayo ina kazi: mpini mweusi au wa kijani ukidondoka kwenye nyasi jioni, umeuaga. Chagua wa rangi ya chungwa, au ufunge kitambaa chekundu.

Hatua ya 6: Ala

Ala ishike kisu hata ukikigeuza kichwa chini. Ya ngozi ni nzuri lakini inanyonya unyevu na damu; chuma cha kaboni kikilala humo wiki nzima kitatoka na madoa ya kutu. Ya plastiki inaoshwa na kukauka, mradi iwe na tundu chini la kutolea maji.

Hatua ya 7: Sheria, kabla ya safari

Kenya imepiga marufuku kuwinda wanyama tangu 1977, kwa hiyo huko kisu chako ni cha kambi. Tanzania uwindaji unakwenda kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Na watu wengi hawajui kwamba kukutwa ndani ya hifadhi na panga na kisu bila kibali ni kosa peke yake, hata kama hujagusa sungura. Mahakama zetu zina kesi nyingi za namna hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Rukwa: Mkuu, kisu kimoja kitamaliza nyati?

Hapana, beba viwili na kinoo. Nyati hugaagaa kwenye tope, na mchanga uliokaukia kwenye manyoya yake ndio unaoua makali, kuliko hata ngozi yenyewe. Toboa mahali pamoja, ingiza ncha chini ya ngozi, makali yakiangalia juu, upasue kutoka ndani kwenda nje. Kama ngozi ya kichwa inahifadhiwa, kwenye macho, midomo na masikio tumia kisu kidogo cha bapa la sentimita 6 au 7.

Mwanachama, Malindi: Mimi ni dada wa kambi za ufukweni, siwindi. Kila kisu changu kinaota kutu.

Dada, kwa upepo wa chumvi chukua stenlesi, usihangaike. Kama unakipenda cha kaboni, kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushe, kipake mafuta ya kupikia, na kilale nje ya ala.

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Kisu kifupi hivi kinafaa kuchinjia kihalali?

Marahaba. Kinachotakiwa ni ukali, ili koromeo, umio na mishipa ya shingo vikatike upesi bila kumtesa mnyama. Kwa mbuzi au swala, sentimita 10 za makali mazuri zinatosha. Kwa mnyama mkubwa chukua kirefu zaidi, hiki kibaki cha kuchunia. Na kinoe mbali, mnyama asikione.

Mwanachama, Leicester: Kaka, nikinunua huku naweza kutembea nacho?

Uingereza kisu kisichokunjika hakiruhusiwi hadharani bila sababu ya msingi. Kinachosameheka ni cha kukunja kisicho na kifungio cha kulikaza bapa likishafunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Ukienda kambi, kifunge ndani kabisa ya begi. Ukija nyumbani kwa ndege, kiweke kwenye mzigo wa kupakiwa, ndani ya ala iliyofungwa.

Mwanachama, Mbeya: Kinoo nikikisahau?

Geuza kikombe cha udongo au bakuli. Ile duara chini isiyopakwa rangi ya kung'aa inanoa vizuri. Kwenye gari, shusha kioo cha mlango nusu, utumie ukingo wake wa juu kulainisha makali. Laza kisu kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, sukuma kama unayekata kijisehemu chembamba cha kikombe, upande huu mara chache, na ule mara hizo hizo. Kama makali yamemeguka, hapo kikombe hakitasaidia. Tafuta jiwe laini la mtoni, ulimwagie maji.