Kumpelekea sheikh mzigo wa moyo

Ukimshika imamu mlangoni baada ya sala ya Ijumaa utapata mkono na dua fupi, basi. Watu wamemzunguka: huyu ana nikahi, yule ana mirathi. Mwombe miadi siku nyingine baada ya alasiri, kabla ya pirikapirika za magharibi; nusu saa yatosha kwa mara ya kwanza. Na msikae dakani. Daka la Lamu ni baraza la mlangoni, na kichochoro ni chembamba hata anayepita na punda husikia kila neno. Mwanamke aombe mkewe sheikh awepo, au aanze na mwalimu wa kike wa chuo cha Kurani.

"Moyo mzito" pekee haitoshi. Sema usingizi umekatika tangu lini, waamka saa ngapi, chakula chapita au hakipiti, na sala: umeziacha kwa uvivu, au mwili wakataa kuinuka? Hapo ndipo hukosewa sana. Sonono, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huondoa nguvu na ladha ya kila kitu, ibada ikiwamo. Sheikh asiyeelezwa atadhani ni udhaifu wa imani, amwongezee nyiradi, dhikri za kusoma kila siku, mtu aliyekwisha kuelemewa. Hali ikidumu wiki 2, karibu kila siku, nenda na hospitali pia.

Kisha mwambie wataka nini kwake: dua, nasaha, au azungumze na wazee wako. Hilo la tatu huliweza kuliko daktari, lakini kubalianeni kwanza atasema nini na nini kibaki amana.

Akikuandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, kunywa. Halina ugomvi na vidonge. Ugomvi ni kuambiwa uache dawa. Dawa za sonono huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, ndiyo maana wengi huzitupa siku ya 10 wakisema hazifai, na kuziacha ghafla huleta kizunguzungu na wahka. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kama dozi yaweza kuhamia daku au futari. Anayetaka kumpiga mgonjwa ili jini atoke, au ambaye bei yake hupanda kila ziara, mwondokee.

Ukiwaza kujiua usingoje miadi. Mwambie sheikh kwa maneno hayo hayo, bila mafumbo, akupeleke hospitali usiku huo huo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.